Kuvu Inapougua, Mti Hupona

Ukipanda vipande viwili vya kuvu kwenye sahani moja ya maabara, juu ya agari (utelezi mgumu kama jeli) iliyochanganywa na maji ya viazi, baada ya siku chache nyuzi zao hukutana katikati. Zikiwa za kundi moja, huungana zikawa zulia moja, hata usijue mpaka ulikuwa wapi. Zikiwa za makundi tofauti, hukataana: seli zilizogusana hufa, na hubaki mstari unaoonekana kwa macho matupu.

Dkt. Sandra Anagnostakis, mtaalamu wa vinasaba vya kuvu katika Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Connecticut, Marekani, alitumia miaka mingi ya kazi yake kuusoma mstari huo. Naieleza kazi yake kwa sababu naulizwa mara kwa mara: vinasaba vya kuvu vinamsaidia nini mtu mwenye shamba la miti?

Ugonjwa aliopambana nao ni donda la gome la mchesnati. Mchesnati wa Marekani ulikuwa mti mkubwa wa misitu ya mashariki ya nchi hiyo, wenye mbao nzuri na kokwa tamu zilizoliwa na watu, nguruwe na wanyama wa porini. Mwaka 1904 miti ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilionekana inakauka. Kuvu iitwayo Cryphonectria parasitica ilikuwa imeingia na miche kutoka Asia ya Mashariki, ambako michesnati ya huko imeishi nayo tangu zamani na kuizoea. Wa Marekani haukuwa na kinga. Kuvu hupenya kwenye jeraha dogo, hutambaa chini ya gome kama pepeo la nyuzi, ikalizunguka shina mpaka maji na chakula havipiti tena. Juu ya donda majani hunyauka yakiwa bado mtini, na gome hutoka vipele vya rangi ya machungwa. Katika muda wa miaka 50 hivi iliteketea miti inayokadiriwa kufika bilioni 3 hadi 4. Mizizi mingi ilisalimika, maana vijidudu vya udongoni huizuia kuvu hiyo. Mpaka leo visiki huchipua, machipukizi hunenepa kidogo, halafu donda linarudi.

Ulaya ugonjwa uligunduliwa mwaka 1938 karibu na Genova, Italia, na watu wakangoja maafa yale yale. Lakini miaka ya 1950 Antonio Biraghi aliona madonda yanayopona yenyewe. Mfaransa Jean Grente aliikuza kuvu ya madonda hayo maabara, akakuta ni nyeupe na dhaifu. Ikigusana na kuvu kali, ile kali nayo hupoteza nguvu. Kumbe kuvu yenyewe ndiyo iliyokuwa inaumwa. Mwaka 1972 sampuli za kuvu hiyo dhaifu zilifika Connecticut. Anagnostakis na wenzake walizijaribu wakaona zinazuia donda, na mwaka 1977 wakaripoti kuwa ndani ya kuvu dhaifu mna RNA (kemikali ya urithi) yenye minyororo miwili, dalili ya virusi.

Basi kwa nini misitu ya Marekani haikupona kama ya Italia? Jibu liko kwenye ule mstari wa sahani. Virusi hivi haviishi nje ya kuvu. Hupita zaidi pale nyuzi zinapoungana. Penye mstari, mlango umefungwa. Kuungana huko hutawaliwa na jeni. Ulaya zilitambuliwa sehemu sita za jeni, kila moja yenye sura mbili, na hizo pekee hutoa makundi 64. Sehemu nyingi za Ulaya zina makundi machache tu, kwa hiyo virusi husambaa. Marekani makundi ni mengi mno. Anagnostakis alilazimika kupaka mchanganyiko wa kuvu dhaifu donda kwa donda, msimu baada ya msimu. Miti ya bustani yake ya majaribio iliendelea kuishi, imejaa makovu. Sambamba na hilo alizalisha michesnati chotara kwa mbelewele za miti ya Asia, kazi inayodai subira ya miaka, kwani mche lazima ukue kabla hujajua kama una kinga.

Nasi tunayo kuvu ya ukoo huo. Chrysoporthe cubensis imepatikana kwenye mikarafuu ya Zanzibar, na kwingineko duniani hutia mikaratusi donda. Kwa hiyo usihamishe miche wala magogo yenye gome kutoka shamba lenye miti inayokauka, na usafishe panga kabla ya kwenda kwenye mti mwingine. Ukiona gome limepasuka na kubonyea, kata kipande ukingoni mwa donda, pale palipo hai panapokutana na palipokufa. Katikati huwa pameshavamiwa na kuvu nyingine za uozo. Kifunge kwenye gazeti kavu, si mfuko wa plastiki, andika mahali na tarehe, ukifikishe kwa afisa misitu kabla hakijakauka.