Maneno yanayomchelewesha mgonjwa wa kiharusi

Kiharusi hakingoji familia ishauriane. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huziba au hupasuka, na sehemu iliyokosa damu huanza kufa palepale. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006, ambayo madaktari huyataja mpaka leo, yanasema mshipa mkubwa ulioziba usipotibiwa, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Siku hiyo hakuna atakayefungua kitabu. Kila mmoja atafanya lile alilokwisha kulisikia kwa watu au kulisoma kwenye simu, na mengi kati ya hayo si kweli.

"Hana maumivu, mwacheni apumzike"

Katika dhana zote, hii naiogopa kuliko nyingine kwa sababu husemwa kwa huruma. Mtu ameamka mdomo umekwenda upande, kikombe kinamponyoka, maneno hayaeleweki. Haumwi popote. Basi analazwa, anafunikwa, na watu wanasubiri aamke akiwa na nafuu.

Kuziba kwa mshipa wa ubongo mara nyingi hakuumi. Cha kuwashtua watu ni ule ughafla. Mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umelegea. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, uone kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi fupi. Dalili moja tu kati ya hizo, ikiwa imetokea ghafla, inatosha kumkimbiza hospitali. Hali kadhalika kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kuyumba ghafla, au kichwa kuuma kwa ukali ambao mtu hajawahi kuuona maishani.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa sindano ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Jaribio lililoonyesha faida yake lilichapishwa mwaka 1995, wakati huo kikomo kikiwa saa tatu. Mwaka 2008 utafiti mwingine ukakisogeza hadi nne na nusu. Kuanzia 2015 ikathibitika pia kwamba bonge la damu lililoziba mshipa mkubwa linaweza kuvutwa nje kwa mrija mwembamba, na mwaka 2018 ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa, waliochaguliwa kwa picha maalumu za ubongo, hunufaika hata wakifika saa 24 baadaye. Asiwepo wa kujifariji kwa hiyo 24. Ni ya wachache, na hata kwao kila dakika inayopita inapunguza kitakachookolewa.

Jambo moja husahaulika sana: hesabu ya saa huanzia pale mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala usiku akiwa mzima na kukutwa asubuhi amepooza, saa yake inaanzia usiku. Andikeni muda huo kabla ya kuondoka nyumbani, chukueni na dawa zote anazotumia. Kama mnaweza kuchagua, nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye kipimo cha CT, mashine inayopiga picha ya ubongo, msipoteze saa mahali ambako ataandikiwa rufaa tu.

"Mchome sindano kwenye vidole, damu itoke"

Ujumbe huu umezunguka kwenye simu kwa lugha nyingi: chukua sindano, toboa ncha za vidole vyote kumi na ndewe za masikio, ngoja damu idondoke, mgonjwa atarudi katika hali yake. Tatizo liko ndani ya fuvu. Tone la damu ya kidoleni haliyeyushi bonge lililoko huko wala halizibi mshipa uliopasuka. Kinachotoka pamoja na hilo tone ni dakika ambazo hazirudi.

Aspirini ni jambo gumu zaidi, kwa kuwa ni dawa ya kweli na wengi wamesikia kwamba husaidia moyo. Lakini kuna viharusi vya kuziba na viharusi vya kuvuja damu, na hakuna daktari, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, anayeweza kuvitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa. Ni picha ya ubongo inayotofautisha. Kama damu inavuja, aspirini inaweza kuongeza uvujaji. Zaidi ya hayo, koo la mgonjwa huenda nalo limepooza, na kidonge, maji au uji vikaingia kwenye mapafu badala ya tumbo. Asipewe kitu chochote mdomoni mpaka apimwe kama anameza salama. Akiwa amepoteza fahamu, mlazeni ubavu.

Vivyo hivyo kwa vidonge vya presha. Presha hupanda wakati wa kiharusi, na familia ikiona namba kubwa kwenye mashine humwongezea mgonjwa vidonge. Sehemu ya ubongo iliyo hatarini, ambayo bado inaweza kuokolewa, hutegemea presha hiyohiyo kupata damu kidogo iliyobaki. Hata wenzetu madaktari na wauguzi wa zamu ya dharura wakumbuke: kwa kiharusi cha kuziba, mgonjwa asiyepewa dawa ya kuyeyusha, miongozo mingi inaruhusu presha kuachwa hadi 220/120 katika siku za mwanzo, ilhali anayepewa dawa hiyo ni lazima ishushwe chini ya 185/110 kwanza. Na kabla ya yote hayo pimeni sukari, maana sukari ikishuka sana inaweza kumfanya mtu aonekane amepooza upande.

"Aliteleza bafuni, ndiyo maana akapooza"

Hapa mambo yamegeuzwa. Mara nyingi mguu ulipoteza nguvu kwanza, ndipo mtu akaanguka. Kiharusi hutokea zaidi saa za asubuhi, presha inapopanda mtu akiamka, na saa hizo ndizo watu wanaingia bafuni. Ule ushauri unaosambazwa kwamba anayeoga aanze kumwagia maji miguuni ili kuepuka kiharusi hauna ushahidi. Wapo pia wanaosema mtu ametupiwa jini kwa kuwa alilala mzima. Presha iliyopanda huweza kuharibu mishipa miaka kumi bila dalili hata moja, na ugonjwa uliojificha hivyo, siku ukijitokeza, huonekana umetoka hewani.

"Ni ugonjwa wa wazee"

Shirika la Kiharusi Duniani linakadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya wanne, kuanzia umri wa miaka 25, atapata kiharusi maishani mwake. Viharusi zaidi ya asilimia 16 huwapata watu wa miaka 15 hadi 49. Watoto nao hupata, hasa wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Kwa hao kuna habari njema ambayo wazazi wengi hawajaambiwa: kipimo cha mawimbi ya sauti kupitia upande wa kichwa huonyesha mtoto aliye hatarini kabla kiharusi hakijatokea, na jaribio lililochapishwa mwaka 1998 lilionyesha kwamba kuongezewa damu mara kwa mara hupunguza hatari hiyo kwa takriban asilimia 90. Mahali ambapo damu haipatikani kwa urahisi, dawa ya haidroksiyurea imeonyesha faida pia.

"Imepita yenyewe"

Mkono umekufa ganzi kwa dakika kumi kisha umerudi. Hicho ni kiharusi cha mpito, na hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuwatibu watu hawa haraka kulipunguza viharusi vya mapema kwa asilimia 80. Nenda siku hiyohiyo.

"Ameshapooza, hakuna la kufanya"

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu wengi waliookolewa hospitali hupotezwa nyumbani.

Ubongo una uwezo wa kujipanga upya: sehemu zilizobaki nzima hujifunza kazi za zile zilizokufa, lakini kwa mazoezi tu, tena ya kurudiarudia. Maendeleo ya haraka huonekana katika miezi mitatu ya mwanzo, na kutokana na hilo watu wamejengewa imani kwamba baada ya hapo mlango umefungwa. Haujafungwa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006 lilichukua watu waliopata kiharusi miezi mitatu hadi tisa iliyotangulia, wenye mkono uliobakiwa na nguvu kidogo. Mkono wao mzima ulizuiwa kwa muda mrefu wa siku, ule dhaifu ukalazimishwa kufanya kazi kwa wiki mbili, na ukaboreka kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida.

Mapenzi ya familia nayo yanaweza kudhuru. Anayelishwa, kuvalishwa na kubebwa kwa kila kitu ananyimwa mazoezi. Mpeni muda afunge kifungo mwenyewe, hata ikichukua dakika tano. Msimvute kwa mkono uliopooza mnapomwinua: bega lililokosa misuli ya kulishikilia huteguka kirahisi, na maumivu yake humkatisha tamaa ya mazoezi. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili hivi kama hawezi kujigeuza, asipate vidonda vya kulalia.

Mazoezi yaanze mapema, ila mapema kuna kipimo chake. Jaribio kubwa la mwaka 2015 lilionyesha kwamba wagonjwa walioinuliwa na kutembezwa sana ndani ya saa 24 za kwanza walipata matokeo mabaya kidogo kuliko walioanza taratibu. Vipindi vifupi, vya mara kwa mara, chini ya macho ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Asiyeweza kusema si kwamba hana akili. Kiharusi kinaweza kuharibu lugha na kuacha fikra na kumbukumbu zikiwa nzima, na mtu huyo anasikia anavyojadiliwa mbele yake. Semeni naye kwa sentensi fupi, muulizeni maswali ya ndiyo na hapana, tumieni picha na ishara, na msimmalizie maneno. Takriban mmoja kati ya watatu hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kiharusi. Akikataa mazoezi, msikimbilie kusema ni mkaidi. Huenda anaumwa ugonjwa wenye tiba.

"Nimepona, dawa za nini tena?"

Karibu kiharusi kimoja kati ya vinne humpata mtu aliyewahi kupata kingine. Dawa ya presha haikunywewa ili mkono urudi. Inanywewa ili mshipa mwingine usizibe wala kupasuka, na presha ikisomeka vizuri maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hupunguza hatari yake kwa karibu theluthi mbili. Kama kidonge kinamletea madhara, arudi kwa daktari abadilishiwe, na aendelee kukinywa mpaka aonane naye, isipokuwa anavuja damu au amevimba uso na koo: hapo aende hospitali mara moja, akiwa na pakiti ya dawa mkononi.