Je, wajua kwa nini Porsche adimu ya 1973 ina nembo ya stika?

Ukikuta Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973 imebandikwa stika pale kwenye boneti ambapo ungetarajia nembo ya chuma, utadhani nembo halisi imeibwa, au gari lenyewe ni la kuungaunga. Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, na nilikosea kabisa. Stika ile, yenye farasi wa Stuttgart katikati na pembe za Württemberg pembeni, ilibandikwa kiwandani gari likiwa jipya. Kwenye toleo jepesi, M471, nembo ya chuma ndiyo ya kuulizia.

Gari hili lilizinduliwa Paris Oktoba 1972. Ili liruhusiwe kushindana, ilibidi yatengenezwe 500, yakatoka 1,580. Ndilo lililompa Björn Waldegård nafasi ya pili Safari Rally ya 1974, nyuma ya Joginder Singh.

Sababu ya stika ni uzito. Chukulia injini ni sufuria ya wali na kila kilo ya gari ni mlaji. Sufuria haiongezeki: nguvu za farasi 210, basi. Ukitaka kila sahani ijae, punguza walaji. Toleo la starehe, M472, lina kilo 1,075, jepesi lina 960, kwa hiyo walaji 115 wameondoka mezani. Wengi wao ni viti vya nyuma, mazulia na vioo vinene. Hata mkono wa kufungulia mlango kwa ndani ukawa ukanda tu. Nembo ni gramu chache, haimwongezei dereva kasi anayoweza kuihisi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mafundi wale walikipunguza haba kwa haba vilevile. Mimi navutiwa na ukaidi huo kuliko spoila yake maarufu ya mkia wa bata.

Ila stika peke yake si ushahidi. Nakala zinauzwa, na gari likipakwa rangi upya stika ya awali hupotea. Namba ya chasisi inayoanza na 911360 nayo haitoshi, maana M472 zote 1,308 zinaanza hivyohivyo. Mkusanyaji makini hulinganisha namba za chasisi na injini na kumbukumbu za kiwanda. M471 ilikuwa 200 tu, na ikithibitika kuwa ni mojawapo, stika yake ya awali iliyofifia na kubanduka ncha ningeiacha hivyohivyo.