Je, wajua kwa nini miti iliyopigwa na bomu la atomiki Hiroshima bado inachanua?

Tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi, bomu la atomiki lililipuka juu ya Hiroshima, Japani, kwenye kimo cha mita 600 hivi. Ardhini chini yake joto lilifika nyuzi 3,000 hadi 4,000 za Selsiasi. Ukavuma uvumi kwamba pale hapataota kitu kwa miaka 75. Hata hivyo, ndani ya kilomita 2 hivi kutoka kitovu, yaani mahali palipokuwa chini kabisa ya mlipuko, ipo miti ipatayo 160 iliyokuwapo siku ile na hai hadi leo. Wajapani huiita hibakujumoku. Iliponaje?

Kilichoiokoa kwanza ni udongo. Mwako wa bomu ulikuwa mkali kupita kiasi, lakini ulidumu sekunde chache tu, na udongo hupitisha joto polepole. Moto uliofuata uliteketeza mji kwa saa nyingi, ila nao ulikula vilivyo juu. Vigogo vikawa makaa, matawi yakapeperushwa, huku mizizi chini ikibaki na akiba yake ya chakula na uwezo wa kuchipua. Aliyewahi kukata mkaratusi shambani anaijua habari hii: kisiki ukikiacha, mvua ikinyesha kinatoa machipukizi. Na mkaratusi upo Hiroshima kweli, kwenye eneo la Ngome ya mji, mita 740 kutoka kitovu.

Pili, joto la bomu lilisafiri kwa mstari ulionyooka. Kilichojificha nyuma ya ukuta kilipata ahueni, na hata kigogo chenyewe kilijikinga: upande ulioelekea bomu uliungua, wa nyuma ukabaki na ganda lake. Chini ya ganda zima kuna tabaka jembamba la seli zinazotengeneza mbao mpya kila mwaka. Upande huo uliendelea kunenepa, ule wa jeraha ukadumaa, na mti ukapinda taratibu kuelekea kule kulikoumizwa. Ndiyo maana mingi ya miti hii imeinamia kitovu. Mginko wa bustani ya Shukkeien, mita 1,370, ni mfano mzuri wa kuutazama.

Na mionzi je? Kwa kuwa bomu lililipukia juu, mpira wa moto haukugusa ardhi, na sehemu kubwa ya mabaki yenye mionzi ilipanda na moshi. Mionzi iliyobaki kwenye udongo karibu na kitovu ilipungua haraka katika siku za mwanzo. Leo Hiroshima haina hatari ya mionzi kwa mgeni. Urani ya bomu hilo, iseme wazi, kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, mgodi wa Katanga, kusini mwa Kongo ambako Kiswahili huzungumzwa, na mikono ya Wakongo. Wanaotembelea kumbukumbu hizi wakizungumza Kiswahili wana sababu ya ziada ya kwenda.

Ukifika stesheni ya Hiroshima, panda tramu namba 2 au 6, ushuke kituo cha Genbaku Dome-mae. Gofu maarufu la jengo lenye kuba liko hapo hapo, mita 160 kutoka kitovu. Wengi hupiga picha, wakaingia makumbusho, wakaondoka. Mimi naona hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu karibu na jengo la makumbusho imesimama miti ya aogiri, iliyokuwa kwenye ua wa ofisi ya mawasiliano kilomita 1.3 kutoka kitovu na kuhamishiwa hapa kwenye Bustani ya Kumbukumbu ya Amani mwaka 1973. Uzunguke taratibu. Upande mmoja kigogo kimebonyea na kuwa na uwazi, na kingo za ganda zimejikunja kuingia ndani, zikijaribu kuufunika mfupa wa mbao iliyoungua. Miezi ya baridi, majani yakishapukutika, kovu linaonekana vizuri zaidi.

Mti ulionusurika karibu kuliko yote ni wilo wenye matawi yanayoning'inia, mita 370 tu. Usidanganywe na wembamba wake: kigogo cha zamani kilikufa, unachokiona kilichipua kutoka mizizini. Kwa hiyo kila ufikapo penye mti, tazama shina lake chini kwanza. Mti uliosajiliwa na mji una kibao kidogo kinachotaja aina yake na umbali wake kutoka kitovu.

Nagasaki, iliyopigwa tarehe 9 Agosti saa 5:02 asubuhi, nenda hekalu la Sanno, mita 800 hivi kutoka kitovu. Utapita lango la jiwe lililobaki na nguzo moja, kisha mikafuri miwili mikubwa. Ilichomeka ikapoteza majani yote, ikachipua tena. Ndani ya kigogo kimojawapo yamekutwa mawe yaliyorushwa na mlipuko.

Kinachoiua miti hii sasa ni mambo ya kawaida. Nyayo za watu hushindilia udongo, mizizi ikakosa hewa na maji, kwa hiyo usivuke uzio hata kwa picha moja. Kuvu huozesha ndani ya majeraha, kimbunga kikaja kuvunja kigogo kilichobaki ganda. Nguzo utakazoziona zimebeba matawi mazito, usiziegemee. Miti mingi iko kwenye mahekalu na shule zinazotumika, basi omba ruhusa. Tarehe 6 Agosti umati ni mkubwa kwa sababu ya ibada ya kumbukumbu. Kama shabaha yako ni miti, chagua siku nyingine.

Mbegu nazo usiokote. Sheria za kuingiza mimea ni kali karibu kila nchi, na njia halali ipo: tangu 2011 mpango wa Green Legacy Hiroshima hutuma mbegu za miti hii kwa taasisi zinazoweza kuzitunza, kama bustani za mimea na vyuo vikuu.