Kwa Nini Mifumo ya Serikali Lazima Isomane

Kabla ya mwaka 2017, kulipia huduma nyingi za serikali hapa Tanzania kulikuwa na hatua nyingi zisizo za lazima. Unapewa namba ya akaunti, unapanga foleni benki, unajaza hati ya malipo, kisha unairudisha kwa mhasibu wa taasisi ili akuandikie stakabadhi. Fedha zilishaingia, lakini taasisi haikuwa na njia ya kujua mpaka wewe uipelekee karatasi. Mwananchi alikuwa ndiye tarishi kati ya benki na ofisi.

Julai 2017 ulianza kutumika Mfumo wa Serikali wa Kielektroniki wa Kukusanya Mapato, maarufu kama GePG. Wengi wanaijua ile namba yake ya tarakimu 12 inayoanza na 99, kontrol namba kama tunavyoizoea. Namba hiyo hubeba ankara yako: nani anadaiwa, anadaiwa na taasisi gani, kwa huduma ipi. Ukiipeleka benki, kwa wakala au kwenye simu, benki au kampuni ya simu huuliza mfumo, na ukishalipa, taarifa hurudi yenyewe kwenye taasisi uliyoilipa. Hakuna karatasi ya kurudisha. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akikwambia utume ada ya serikali kwenye namba yake binafsi ya simu, usitume. Dai kontrol namba, kisha ulipe kupitia menyu ya malipo ya serikali.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo sisi tunaojenga mifumo hulisahau. Kilicholeta nafuu ni benki, kampuni za simu, Hazina na taasisi kukubali kupeana taarifa. Tovuti nzuri peke yake isingeweza. Hadi leo zipo huduma zinazoitwa za kidijiti ambazo zinakutaka upige picha ya cheti kilichotolewa na serikali, uipandishe mtandaoni ili serikali hiyo hiyo ikione. Kwangu mimi, hiyo ni foleni ile ile iliyohamishiwa kwenye skrini.

Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, ilianza kulishughulikia hili mwaka 2001 kwa mfumo wa kubadilishana taarifa uitwao X-Road. Hawakukusanya kila kitu kwenye ghala moja. Kila taasisi inabaki na taarifa zake, na nyingine yenye haki kisheria huuliza na kujibiwa. Sheria yao inakataza kuanzisha kanzidata mpya ya taarifa ambazo taasisi nyingine tayari inazo. Na mwananchi anaweza kuona ni ofisi gani zimeangalia taarifa zake. Hilo la mwisho ndilo ninalolitamani zaidi kwetu.

Sisi tuna msingi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao nguvu ya kusimamia mifumo ya umma, na upo mfumo wa kuiunganisha. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulionyesha inavyowezekana: wakala anachukua alama, na jibu linatoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa.

Lakini taarifa zikianza kutembea, ulinzi wake hauwezi kuja baadaye. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijiti vya nchi hiyo, haukufuata sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha za watu haikufanyika kwanza. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Inakupa haki ya kuuliza taasisi ina taarifa gani kukuhusu, kutaka makosa yasahihishwe, na kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tusiwasahau pia wasio na simu janja. Namba *152*00# hufikisha huduma kadhaa za serikali hata kwenye kitochi, na kupitia hapo unaweza kutuma malalamiko au pongezi kwa mfumo wa e-Mrejesho. Lipo pia tatizo la alama za vidole. Mkulima aliyeshika jembe miaka 40, fundi wa saruji, bibi wa miaka 80: vidole vyao mara nyingi mashine haivisomi. Kumwambia mtu huyo arudi kesho ni kumnyima haki yake, maana vidole vyake kesho vitakuwa vile vile. Kila huduma inayodai alama za vidole iwe na njia ya pili, iliyoandikwa kwenye utaratibu na kufahamika kwa mtumishi wa dirishani, isiyotegemea huruma ya aliyeko zamu. Ukikosa huduma kwa sababu hiyo, omba jina la ofisi na tarehe viandikwe, kisha peleka malalamiko.