Mtoto mtundu nyumbani: maswali na majibu kwa wazazi

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Hatulii hata kidogo: anapanda makochi, anapekua makabati, kila anachokishika anakitia mdomoni. Je, ni ugonjwa?

Kwa umri huo, la. Anayemtia daktari wasiwasi zaidi ni mtoto anayekaa palepale alipowekwa, hagusi wala hafuatilii kitu. Mtoto mdogo huujua ulimwengu kwa mikono na mdomo. Akiangusha kijiko mara kumi mfululizo, anapima: kitaanguka tena? Kitalia vilevile? Na wewe utainama kukiokota? (Hilo la mwisho ndilo linalomchekesha.)

Namkataza, ananitazama usoni, kisha anagusa. Huo si ukaidi?

Si ukaidi wa mtu mzima. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha kujizuia, hukomaa polepole hadi mtu anapita miaka 20. Mtoto wa miaka 2 anaweza kulielewa katazo lako na bado mkono ukamtangulia. Anapokutazama kwanza, anasubiri kuona uso wako utasemaje.

Mwambie la kufanya. Amepanda kitanda? Badala ya kupiga kelele "utaanguka!", mgeuze alale kifudifudi, umwambie "miguu kwanza", umshike hadi vidole viguse sakafu. Akizoea atashuka mwenyewe. Neno "hapana" liwekee moto, umeme, maji na barabara. Likitumika kwa kila kitu, halisikiki tena.

Nyumba niiandaeje?

Piga magoti, kisha tambaa chumba kizima kichwa chako kikiwa usawa wa chake. Utaona waya wa birika unaoning'inia, pindo la kitambaa cha meza lililobeba kikombe cha chai ya moto, kidonge kilichodondokea mvunguni. Kiti kilicho chini ya dirisha, kwake ni ngazi. Droo nazo ni ngazi: huzivuta akapanda, na kabati zima likamwangukia, kwa hiyo likaze ukutani. Jikoni, mipini ya sufuria ielekee ukutani.

Ndoo ya maji wengi huidharau. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akichungulia akatumbukia, hawezi kujinyanyua. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha, na mara nyingi hazami kwa kelele. Ukimaliza kufua, mwaga.

Dawa na kemikali zikae juu, tena zifungiwe, kwa sababu "juu" peke yake ni mwaliko kwa mpandaji. Na tafadhali, mafuta ya taa au dawa ya kusafishia choo yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Halafu kuna zile betri ndogo bapa, za mviringo, zinazokaa kwenye rimoti na vichezeo. Ikikwama kwenye umio, inaweza kuuunguza vibaya ndani ya saa 2. Hakikisha vifuniko vyake vimefungwa kwa skrubu.

Akimeza kitu cha hatari, nimtapishe?

Usimtapishe. Mafuta ya taa yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na kemikali inayobabua huunguza koo mara ya pili. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au pakiti yenyewe. Kama unashuku ni betri, usingoje dalili; anahitaji eksirei haraka.

Akiungua, mwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu, dawa ya meno na mafuta ya kupikia havihusiki. Akijitia shanga puani, usiichokonoe. Utaisukuma ndani zaidi. Mpeleke wakaitoe.

Jioni ndiyo anazidi kabisa. Kwa nini?

Mara nyingi amechoka. Mtu mzima akichoka hunyamaza. Mtoto akichoka hupanda mapazia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha wa mchana, na angalau dakika 180 za kuchezesha mwili. Zipate dakika hizo kabla jua halijazama.

Na kiboko?

Hapana. Tafiti za miaka mingi zinakihusisha na watoto kuzidi ukali na ugomvi. Mwondoe penye hatari, sema sentensi moja, mpe kitu kingine cha kufanya. Utarudia hadi uchoke, na hiyo ni kawaida.

Lini utundu umpeleke kwa daktari?

Akiacha maneno aliyokuwa akiyasema, asipogeuka akiitwa jina, au akianguka mara nyingi kuliko wenzake wa rika lake. Akila udongo, apimwe damu. Huenda amepungukiwa madini ya chuma. Anayekoroma kila usiku naye achunguzwe, maana usingizi mbovu humfanya mtoto ahangaike mchana kutwa. Tatizo la kukosa utulivu na umakini kwa kawaida halithibitishwi kabla ya miaka 4, na lazima dalili zionekane katika mazingira zaidi ya moja, si kwako tu. Kabla ya kwenda, mrekodi kwa simu akiwa katika harakati zake za kila siku, kwani watoto wengi wakifika mbele ya daktari hutulia ghafla, mzazi akabaki anaonekana mzushi.