IEP ni nini hasa, na kwa nini usiishie kuitikia tu

Kama uko Marekani na mtoto wako anasuasua shuleni, ipo siku utawekewa mezani karatasi imeandikwa IEP, wenyewe wanatamka ai-ii-pii, na wengi wetu tunadhani ni ripoti ya matokeo au fomu ya kuombea msaada, wengine roho inaruka kabisa wanajua mtoto ndo keshapelekwa "darasa la wale". Sivyo. IEP, kirefu chake Individualized Education Program, ni mpango wa masomo unaoandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja tu mwenye ulemavu unaomkwamisha kusoma, iwe usonji, masikio, kuchelewa kuongea, au herufi zinamchanganya tu, na ukishaanza kutumika shule inabanwa na sheria kuufuata, haiwezi kukwambia eti mwaka huu hatuna mtu wa spichi, yaani wa kumsaidia mtoto kuongea, tusubiri mwakani.

Sheria yenyewe ni ya 1975, Rais Gerald Ford ndo aliisaini, manake kabla ya hapo watoto hawa walikuwa wanakataliwa shuleni waziwazi, na tangu 1990 inaitwa IDEA. Inaanza mtoto akiwa na miaka 3, majimbo mengi yanamfikisha 21 kama hajapata diploma, na huduma zote ni bure.

Sasa kinachotupita wengi ni hiki, kwenye hiyo sheria mzazi sio mgeni mwalikwa. Ni mjumbe wa kikao sawa na mwalimu wa darasa, mwalimu wa elimu maalum na yule mtu wa wilaya ya shule. Sisi tumelelewa mwalimu akisema kasema, ukibishana naye huna adabu, kwa hiyo tunakaa pale tunaitikia "okei, okei, thenki yu" na wenzetu wanaandika mzazi amekubali. Wala sio kwamba wana roho mbaya, kwao ukinyamaza wanajua umeridhika.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja wa Kikongo, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania miaka mingi kabla ya kuja huku, kikao cha kwanza aliyekuwa anamtafsiria ni binti yake wa miaka 12. Mama akaniambia alitoka pale kafurahi kweli, kumbe shule inataka kijana wake afunge magoli manne mwaka huu! Mtoto alisikia "goals" akatafsiri anavyojua yeye, kumbe yalikuwa malengo manne ya kusoma na kuongea. Tulicheka, ila inauma, kwa sababu sheria inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachoongelewa, na hiyo ni pamoja na kumletea mkalimani bila kumtoza hata senti. Omba mapema, sema kabisa Kiswahili cha wapi.

Na hayo malengo ndo moyo wa IEP, yasome moja moja. Ukikuta "atasoma vizuri zaidi" hapo hujapewa kitu, vizuri kuliko nini, nani atapima? Lengo linalopimika linakaa hivi: kufikia mwezi wa 5 atasoma hadithi ya darasa la 2 maneno 60 kwa dakika. Halafu nenda kwenye dakika, pawepo pameandikwa spichi dakika 30 mara 2 kwa wiki, na kama wiki tatu zimepita mwalimu wa spichi hajaonekana una haki ya kuuliza watafidiaje. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Endrew F., kijana mwenye usonji wa Colorado, ilisema kasogea-kidogo-inatosha haikubaliki, mpango lazima umpeleke mbele kulingana na hali yake.

Kuna mtego wa lugha pia na unakata pande zote mbili. Mtoto hawezi kuitwa mlemavu kwa sababu tu Kiingereza hakijakaa. Lakini shule nayo haitakiwi kukuzungusha miaka miwili na "tusubiri kwanza ajue Kiingereza" wakati wewe nyumbani unaona hata Kiswahili hakimtoki. Andika barua, mistari mitatu inatosha, naomba mwanangu afanyiwe tathmini, weka tarehe, baki na kopi. Ukishasaini ridhaa ya tathmini wana siku 60, ingawa majimbo mengine yana hesabu yao. Wakikataa lazima wakupe sababu kwa maandishi, sio kwenye korido.

Kuhusu kusaini, kuna saini ya kuonyesha ulihudhuria na kuna saini ya kukubali, uliza ipi ni ipi kabla hujashika kalamu. Huduma za mara ya kwanza haziwezi kuanza bila ridhaa yako, na hamna sheria inayosema umalize hapohapo. Yule mama kikao cha pili kilikuwa na mkalimani kwenye simu, akasaini ya kuhudhuria tu, karatasi akaja nazo kwangu tukazisoma mezani na chai. Wiki iliyofuata karudi nazo shuleni, pale penye "vizuri zaidi" kazungushia duara kwa bik nyekundu mara tatu, akamwambia mkalimani, waulize, hii inapimwaje?