Hajasahau dawa

Juzi nimefungua faili la mgonjwa anayeishi na VVU, aliyehamishiwa kwangu. Wingi wa virusi kwenye damu umepanda vipimo viwili mfululizo, na sentensi moja imerudiwa mara tatu: "Ameshauriwa kuhusu ufuasi," yaani kumeza dawa kila siku bila kukosa. Katikati ya ukurasa mmoja, kwa mwandiko mdogo: "Anaamka saa tisa usiku, halali tena." Mstari unaofuata: "Ameelekezwa aweke kengele kwenye simu."

Kengele, kwa mtu aliye macho tangu saa tisa!

Wenzangu, kuna anayesahau dawa, na kuna anayeisikia kengele, akaizima, akalitazama kopo la dawa, kisha akageukia ukutani. Wa kwanza msaidie kwa kengele, au afungamanishe dozi na kupiga mswaki. Wa pili hajasahau chochote. Kazi ya vidonge anaijua, ameambiwa mara tatu. Kilichomwishia ni ile nguvu ya kunyoosha mkono. Ukimsomea tena somo la usugu wa virusi kwa dawa, unamwongezea hatia ambayo tayari anayo tele. Safari ijayo atamwaga vidonge vilivyobaki kabla ya kuja ili hesabu itoke sawasawa, nawe utaandika "ufuasi mzuri".

Nikiuliza kwa nini hakupimwa ugonjwa wa sonona, najibiwa: "Ana virusi, nani asingehuzunika?" Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia. Huzuni ya kupokea majibu naijua: mtu hulia leo, kesho akacheka na mwanawe. Sonona haimpi nafasi hiyo. Ni wiki 2 na zaidi, karibu kila siku, hakuna kinachompa raha, mwili mzito, na akili inamwambia hana thamani. Wengi wanaoishi na VVU hawana sonona. Ingekuwa kawaida ya virusi, wote wangekuwa nayo. Mwenye VVU akipata kifua kikuu hatusemi "ndivyo walivyo" tukamwacha akohoe.

Nakiri PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, hunipa shida. Usingizi, uchovu na hamu ya kula vinaweza kuharibiwa na kifua kikuu, upungufu wa damu au virusi vyenyewe. Kwa hiyo alama 10 na kuendelea hunifanya niketi na mtu, si kuandika dawa papo hapo. Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, siliruki kamwe. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi hushusha pumzi, kama aliyekuwa akingoja aulizwe.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Angalia kwanza anatumia ARV (dawa za VVU) zipi: efavirenzi inaweza kuleta ndoto za kutisha, sonona, hata mawazo ya kujiua, kwa hiyo mbadilishie. Dolutegraviri huwakosesha baadhi ya watu usingizi, wanywe asubuhi. Kwa sonona yenyewe, fluoksetini miligramu 20 hupatana na ARV nyingi. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, usimpe mwenye mawazo ya kujiua, maana akiimeza nyingi huvuruga mapigo ya moyo na kuua, na ritonaviri, mojawapo ya ARV, huipandisha zaidi kwenye damu. Mwambie mapema kwamba kichefuchefu kinaweza kutangulia na nafuu ikachukua wiki 2 hadi 4 au zaidi, la sivyo ataziacha wiki ya kwanza.

Sasa lile ambalo vitabu hulipita mbio: kutibu sonona hakurudishi ufuasi kila mara. Zipo tafiti ambamo sonona ilipungua lakini ufuasi haukusogea. Nami nimewaona watu hao. Amepata usingizi, amerudi kazini, lakini kopo bado analificha kwa sababu mwenza wake hajui. Ndiyo maana sonona na ufuasi navizungumza siku ileile, kwenye kiti kilekile, tukichukua tatizo moja na kulitafutia njia kabla ya kugusa la pili. Na hata kama wingi wa virusi usingeshuka, bado ningemtibu, kwa sababu anaumia.

Yule wa kwenye faili nilimuuliza: "Saa tisa usiku, ukiwa macho hivyo, unawaza nini?" Alinyamaza, akikunjakunja kadi yake ya kliniki hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Kisha akaanza kusema, na tulipoinuka mchana ulikuwa umekwisha.